Shajara ya mradi: kompyuta ndogo ya sinema ya sebuleni, Mikindani, Mtwara

Jumamosi, 14 Juni 2025

Leo nimeizima rasmi kompyuta ya zamani iliyokuwa chini ya meza ya TV nyumbani kwa Mama. Kabla ya kuizima niliichomeka kwenye mita ya kupimia wati. Ikiwa imewaka tu, haionyeshi picha yoyote, inakula wati 68. Nikafanya hesabu palepale: wati 68 kwa saa 24 kwa siku 30 ni karibu uniti 49 kwa mwezi. Nyumba hii iko kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile ya uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, na ukivuka 75 kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Maana yake kompyuta peke yake ilikuwa inachukua theluthi mbili ya haki ya nyumba nzima, na friji, feni na taa vigawane kilichobaki. Miezi mitatu mfululizo Mama amekuwa akivuka mstari na kudhani friji imeharibika.

Nilipoifungua nikaona jambo jingine. Matundu ya USB ya nyuma yameota ukungu wa kijani, ule unaootwa na shaba ikikaa na chumvi. Feni ya prosesa imeshika vumbi lenye unyevu, gumu kama uji uliokaukia sufuriani. Nimelikwangua kwa kijiti. Nyumba iko hatua chache kutoka ghubani. Kila feni inapozunguka inavuta hewa ya bahari na kuipitisha juu ya vyuma. Miaka minne imetosha kuifikisha hapo.

Kwa hiyo naanza upya. Kinachotakiwa ni hiki: kompyuta ndogo ya kukaa nyuma ya TV (inchi 43, ya 4K), iwake muda wote, isizidi wati 10 ikiwa imetulia, isiwe na feni ikiwezekana, na ifungue video zote za familia bila kukwama.

Video zenyewe ziko za aina mbili kuu. Kuna kanda za VHS za Mjomba, thelathini na moja, za harusi, jando na vikao vya ukoo, ambazo nazinakili moja baada ya nyingine kutoka kwenye deki. Halafu kuna video za simu ambazo ndugu wa Dar huleta kwenye flashi kila sikukuu. Hizo za simu ndizo zenye matata, nitaeleza.

Alhamisi, 19 Juni

Siku nne nimesoma na kuuliza watu. Kila muuzaji anaanza na kasi: prosesa ya ngapi, RAM ngapi. Kwa kazi hii kasi si swali la kwanza. Swali la kwanza ni hili: ndani ya chipu kuna saketi ya kusimbua kodeki zipi, yaani njia zipi za kubana video?

Video yoyote imebanwa, na lazima isimbuliwe fremu kwa fremu. Chipu ikiwa na saketi maalumu ya kodeki hiyo, kazi inafanyika kwa wati chache na prosesa inapumzika. Isipokuwa nayo, prosesa inabeba mzigo wote: joto linapanda, feni inalia, umeme unaliwa, na fremu zinarukwa. Ni kama kubangua korosho kwa mashine au kwa nyundo. Zote zitabanguliwa, ila angalia saa na angalia mikono.

Kodeki ninazokutana nazo: H.264, ambayo karibu kila kitu kinaifungua. HEVC, ambayo simu nyingi mpya hurekodia. VP9 na AV1, ambazo YouTube hutuma. Matata niliyosema yako kwenye HEVC. Iphone kuanzia toleo la 12, la mwaka 2020, hurekodi HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana zaidi, kwa HEVC ya biti 10, na si kila chipu inayofungua HEVC ya biti 8 inafungua ya biti 10. Harusi ya binti wa dada yangu yote imerekodiwa hivyo, kwa 4K na fremu 60 kwa sekunde. Hilo faili ndilo mtihani wangu. Kifaa kisichoweza kulionyesha hakiingii sebuleni.

Njia zilizo mbele yangu ni tatu.

Raspberry Pi 5, iliyotoka Oktoba 2023. Inasimbua HEVC ya 4K kwa saketi, H.264 na AV1 imeziachia prosesa. Kwa ukubwa wa mistari 1080 prosesa yake inamudu. Ina sifa moja ninayoipenda sana: CEC, yaani rimoti ya TV inaiongoza kupitia kebo ya HDMI yenyewe. Lakini inataka adapta ya volti 5 yenye ampea 5. Ukiipa ya ampea 3 inawaka, ila inabana umeme wa matundu ya USB hadi miliampea 600 kwa jumla, na diski ya nje haifurahii kabisa. Nikijumlisha adapta, kasha, kipooza joto na diski, bei haiko mbali na kompyuta kamili. Na sitaki mfumo ukae kwenye kadi ya kumbukumbu katika nyumba ambayo umeme hukatika bila taarifa. Kadi mbili zimeshanifia hivyo.

Njia ya pili ni kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika, zile Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini na Lenovo ThinkCentre Tiny. Kariakoo zimejaa. Sababu inajulikana: tarehe 14 Oktoba mwaka huu Microsoft inaacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Makampuni yanaondoa vizazi vya sita na saba, na sisi tunavipata kwa bei ya kuokota. Anayetaka kufuata njia hii asome namba ya prosesa kwa makini. i5-6500T ni kizazi cha sita: HEVC biti 8 inafungua kwa saketi, biti 10 haimo. i5-7500T ni kizazi cha saba: biti 10 imo, VP9 imo. Tarakimu moja tu, na kwa macho maboksi yanafanana kabisa. AV1 hakuna katika yote mawili, maana Intel waliiweka kuanzia kizazi cha kumi na moja.

Ya tatu ni kompyuta ndogo mpya zenye Intel N100, chipu ya mwaka 2023. Ina koo nne, yaani viini vinne vya kuchakata, imepangiwa wati 6, na saketi zake zinasimbua H.264, HEVC biti 10, VP9 na AV1. Kwenye karatasi ndiyo yenyewe. Ila karatasi si sebule.

Jumamosi, 28 Juni

Rafiki yangu wa Shangani, anayetengeneza kompyuta, ameniazima moja ya ofisini yenye i5-6500T kwa wikiendi. Namshukuru sana, maana jaribio hili limeniokolea pesa.

Imetulia: wati 11. Nzuri kuliko nilivyotegemea. H.264 ya 1080: wati 15, picha laini. Nikaweka faili la harusi. Sekunde ya kwanza bibi harusi anatoka mlangoni vizuri, kisha anasimama, anaruka hatua mbili mbele, anasimama tena, na sauti inaendelea bila yeye. Koo zote nne zinacheza juu ya asilimia 90, mita inasoma wati 41, na feni inapiga mluzi ambao Mama aliusikia kutoka jikoni. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo inachemka nini?"

Kingine: mashine hii ina tundu la picha la DisplayPort tu, haina HDMI. Nililazimika kutafuta kigeuzi, na kigeuzi nilichopata kinaishia 4K ya fremu 30. Wengi hawaliulizi hili dukani.

Sisemi mashine hizi hazifai. Mtu mwenye kizazi cha saba au cha nane, anayeishi mbali na bahari, na asiye na shida ya uniti, atapata kifaa imara sana kwa pesa kidogo. Mimi kilichonikataza hatimaye ni adapta yake. Inataka volti 19 na zaidi, na mpango wangu wa betri, ya kuiwasha umeme ukikatika, ni wa volti 12. Hapo ndipo nimeamua N100.

Jumatano, 9 Julai

Mzigo umefika kwa basi la usiku kutoka Dar. Nimeupokea stendi saa kumi na mbili unusu asubuhi, umefungwa kwenye boksi la biskuti. Ni kasha la alumini lenye mapezi juu, zito mkononi kwa ukubwa wake, halina tundu hata moja la feni. HDMI mbili. Nyuma ya adapta pameandikwa volti 12, ampea 3. Maandishi hayo ndiyo niliyoyaangalia kwanza, kabla ya mashine yenyewe.

Nimelipa 480,000 pamoja na nauli ya mzigo. RAM GB 16 na diski ya GB 512. Nilipoiwasha nikakuta diski ni M.2 ya SATA, wakati muuzaji alisema NVMe, aina yenye kasi zaidi. Kwa video haina athari, maana hata faili zito la 4K halifiki robo ya kasi ya SATA, lakini nilichoahidiwa sicho nilichopewa. Nikampigia. Alikiri na kunirudishia 30,000. Mnunuzi yeyote afungue na kutazama kabla siku za kurudisha hazijaisha.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeweka LibreELEC, mfumo mwepesi wa Linux ambao ukiwaka unaingia moja kwa moja kwenye Kodi, programu ya kuonyeshea video. Hakuna dawati, hakuna masasisho yanayokatiza sinema. Dakika kumi kutoka flashi hadi menyu. Kiswahili cha menyu hakijakamilika, kwa hiyo nimepanga ukurasa wa kwanza uwe na vitu vitatu tu: Kanda za Mjomba, Harusi, na Watoto.

Vipimo, TV ikiwa nje ya hesabu:

imetulia kwenye menyu, wati 6.5;
H.264 ya 1080, wati 9;
faili la harusi, 4K HEVC biti 10, wati 12.

Bibi harusi ametoka mlangoni, ameshuka ngazi, amepita chini ya makuti, hakusimama hata mara moja. Nimebonyeza herufi O kwenye kibodi; Kodi inaonyesha kisimbuzi kinachotumika, na mbele yake palikuwa na alama kwamba ni cha saketi. Prosesa ilikuwa chini ya asilimia 10. Nimeirudia mara tatu, kisha nikaiita familia nzima.

Joto la chipu baada ya saa mbili: nyuzi 68, sebule ikiwa nyuzi 27. Huu ni wakati wa kusi, hewa ni nzuri. Nitapima tena Desemba, jua likiwa kali na madirisha hayana upepo.

Kwa wastani wa wati 8 usiku na mchana, kwa mwezi ni uniti 5.8. Kwa bei ya Mama, kodi zikiwemo, ni kama shilingi 700. Kutoka uniti 49.

Jumapili, 13 Julai

Siku mbaya. Nilikuwa nahamisha nakala za kanda kwenda diski ya nje, umeme ukakatika saa nane mchana. Uliporudi diski ikafunguka, lakini folda mbili zilikuwa na majina tu, ndani faili za ukubwa sifuri. Diski ilikuwa kwenye exFAT, moja ya mifumo ya kupanga faili, nilivyoinunua. ExFAT haina daftari la kumbukumbu za kila badiliko, ikikatwa katikati ya kuandika haijui iliishia wapi.

Nimeumia, kwa sababu kanda ya E-180 ni saa tatu, na kunakili ni saa tatu vilevile, huwezi kuharakisha. Saa sita za kukaa na deki zimekwenda. Kanda zenyewe zipo salama. Diski nimeibadilisha kuwa ext4, ambayo ina daftari hilo. Haiwezi kusomwa na TV wala na Windows bila msaada, lakini inasomwa na mashine hii na hiyo inatosha.

Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, nimewasha pia kipengele kinachoifanya mashine ijiwashe umeme ukirudi. Kiwandani hukiacha kimezimwa. Bila hicho, kila umeme ukikatika mtu anatakiwa kupapasa nyuma ya TV.

Jumamosi, 19 Julai

Betri. Nina betri ya volti 12, Ah 18 (ampea-saa), na chaja yake. Hesabu: 12 mara 18 ni Wh 216 (wati-saa), na betri ya asidi usiitoe zaidi ya nusu, basi nahesabu Wh 108. Kompyuta na ruta kwa pamoja ni wati 15.

Hapa naomba anayetaka kuiga asikilize vizuri. Betri ya volti 12 haitoi volti 12. Ikiwa kwenye chaja nimepima 13.7 kwenye vichwa vyake, na chaja nyingine hupandisha hadi 14.4. Ikiishiwa hushuka chini ya 12. Usiunganishe kompyuta moja kwa moja kwa kuamini kwamba maandishi yanalingana. Nimeweka kirekebisha volti, kile kinachoshusha ikizidi na kupandisha ikipungua, na nikapima upande wa kutokea: 12.1, betri ikijazwa na ikitumika. Fyuzi ya ampea 5 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri.

Jaribio: nimechomoa ukutani saa tatu asubuhi. Imekaa saa tano na dakika arobaini kabla sijaisimamisha mwenyewe. TV haiko kwenye betri, itazimika, lakini kunakili kutaendelea.

Wi-Fi haikufika. Ukuta wa kati ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa zaidi ya mkono wangu hadi kiwiko, nyumba za zamani za hapa ndivyo zilivyojengwa. Nimepitisha kebo juu ya dari. Kazi ya nusu saa, na faili sasa zinahama kwa kasi ambayo Wi-Fi isingefika.

Jumapili, 27 Julai

Rimoti. Chipu za Intel hazina CEC kwenye HDMI, kwa hiyo rimoti ya TV haiongozi Kodi. Hapa Raspberry Pi inashinda wazi. Kuna kifaa cha kuongeza CEC kwa USB, cha Pulse-Eight, lakini kukipata huku ni kuagiza nje. Nimechukua rimoti ndogo yenye kipokezi cha USB, 25,000 mjini. Kwenye simu ya mpwa wangu nimeweka Kore, programu ya Kodi yenyewe. Mama sasa ana rimoti mbili, na nilitaka awe na moja. Nimefunga utepe mwekundu kwenye ile ya Kodi. Hili bado sijaridhika nalo.

Jambo zuri ni kanda. Video za VHS za kwetu ni za PAL, mfumo wa picha wa TV za zamani: mistari 576, nusu-picha 50 kwa sekunde, mistari ya shufwa kwanza kisha ya witiri au kinyume chake. TV za zamani zilikuwa zinaonyesha hivyo hivyo. Skrini ya sasa inazishika nusu mbili kwa pamoja, na chochote kinachokwenda haraka kinaota meno ya chanuo. Kwenye ngoma ya mwaka 1994 mikono ya wapigaji ilikuwa imechanika yote; ukitazama kiganja kikishuka kwenye ngozi huoni vidole, unaona mistari. Nimeingia kwenye mipangilio ya video ya Kodi, nikachagua njia ya saketi ya kuunganisha nusu-picha inayofuata mwendo, nikairudisha kanda mwanzo. Vidole vikaonekana. Kiganja kinagota, kinainuka, na vumbi kidogo linaruka juu ya ngoma. Mita ikabaki wati 9.

Jumamosi, 9 Agosti

Jana jioni tulikaa watu kumi na wanne, wakubwa kwenye mkeka na viti, watoto mbele, sinia la ming'oko katikati. Mashine imekuwa ikiwaka siku ishirini na tisa, na ukiacha umeme ule wa 13 Julai, imezimwa mara mbili tu, zote na mimi. LUKU ya mwezi imeishia uniti 61.

Nilifungua kanda ya 17, niliyoiandika "Mikindani, jando, 1996". Mjomba alitazama dakika moja, akainua mkono nisimamishe.

"Hapo umeandika wapi?"

"Mikindani, Mjomba."

"Mikindani maji yamelala. Tazama wimbi lile nyuma ya ngalawa. Hiyo ni Msimbati, na aliyeshika kamera ni marehemu shemeji yako, mimi niko hapo kwenye picha."

Nikarudisha nyuma, nikasimamisha kwenye fremu aliyoitaka. Yumo, wa tatu kutoka kushoto, kofia mkononi. Tuliendelea hivyo hadi saa sita usiku, na tumesahihisha majina ya faili kumi na moja. Mwezi na mwaka vilevile vimebadilika kwenye manne.

Kanda zilizobaki kunakili: tisa. Kichwa cha deki kinaanza kutoa theluji juu ya picha, kisafishwe kwa spiriti kabla ya kanda ya 23. Mjomba anakuja tena Jumamosi na daftari lake.